Kreti Zilizojaa Samaki Wazee

Nyinyi vijana mna ugonjwa wa kupiga picha samaki. Mkimpata mkubwa mnamkumbatia kifuani kama kombe la mpira, meno yote nje, halafu mnatangaza mtandaoni dunia nzima iwaone. Sijasikia hata mmoja wenu akiuliza: huyu mkubwa, wadogo zake wako wapi? Mimi nimewakaanga samaki Vanga, nimewapasua Saint Paul, na sasa nimestaafu nakaa hapa Cedar, Minnesota, ghorofani. Magoti yamenikataa lakini mdomo bado mzima. Basi kaeni niwaambie, mkipenda msipende.

Kule kwetu Vanga, pwani, nilikuwa mama karanga. Watoto mliozaliwa huku mnadhani ni mama wa njugu. Mama karanga ni mwanamke anayenunua samaki pale pale wanapotua, akawakaanga kwenye karai, akawauza mpaka jioni. Alinifunza shangazi yangu, Bi Mwanatumu binti Shee, mwanamke mkali, akikuona umetia samaki kwenye mafuta yasiyoiva anakupiga mkono kwa mwiko. Na alikuwa na haki. Samaki akiingia mafuta yakiwa bado baridi hunata chini, ukimgeuza ngozi inabaki kwenye karai na yeye anatoka uchi. Nani atanunua samaki uchi? Leo nawaona kwenye mikahawa yenu mnawafunika kwa sosi nyekundu. Najua mnaficha nini.

Vanga tulijua bahari imechoka kwa kuangalia karai. Walikuja watu na juya, ule wavu wa kukokota unaobeba hata vifaranga, na kila msimu samaki wakawa wafupi zaidi. Zamani samaki changu mmoja alijaza karai. Mwishowe nikawa nakaanga visamaki kama vidole. Tulipowaambia wenye juya, walitucheka: "Mama karanga, wewe kaanga, mambo ya bahari waachie wanaume." Wanaume wenyewe leo wanaendesha bodaboda.

Kwa hivyo nilipofika Marekani, kichwani nilikuwa na kipimo kimoja tu. Samaki wakiwa wadogo, kuna balaa. Wakiwa wakubwa, kuna neema. Kipimo hicho kilinitia aibu, na nitawaeleza jinsi kilivyonitia.

Binti yangu Zuhura, anayewaosha wagonjwa hospitalini, ndiye aliyenitafutia kazi. Ilikuwa nyumba ya samaki, Saint Paul, karibu na reli, bosi wake akiitwa Gordon. Gordon hakuwahi kumpasua samaki hata mmoja. Alikuwa akipita na kahawa yake, akisema "Good, good," kisha anarudi ofisini kwenye joto. Sisi tulisimama mezani na glavu na aproni za mpira, maji ya barafu yakichuruzika mpaka kwenye viatu. Upande wangu wa kulia alisimama Mama Espérance kutoka Bukavu. Upande wa kushoto alisimama Mzee Leif.

Leif ndiye aliyenifunza kazi ya huku. Mzungu mrefu, mgongo umepinda, mikono kama makasia. Babu zake walitoka Norwei, wakavua kwenye Ziwa Superior, huko juu kaskazini, na baba yake alivua hapo hapo mpaka samaki walipokwisha akalazimika kuhamia mjini. Kizungu changu siku hizo kilikuwa cha kuonyesha kwa kidole, na yeye hakupenda maneno, kwa hivyo tulielewana vizuri kuliko wengi wanaoongea.

Novemba ndiyo ilikuwa msimu wetu. Malori yalishuka kutoka ziwani yamejaa heringi, samaki wembamba wa fedha, majike wamevimba matumbo kwa mayai. Magamba yao, subhanallah! Yanashika kila kitu. Niliyakuta kwenye buibui, kwenye msala, mara moja kwenye chai. Nikipanda treni kurudi nyumbani, watu walinipisha kiti, kisha wakanipisha behewa. Mama Espérance alikuwa akisema, "Mama, shie tuko na behewa yetu, kama bakubwa ba serikali."

Siku ya kwanza ya msimu Gordon alimwaga kreti mezani, nikaona heringi walionenepa, wote warefu kuliko kiganja na kifundo. Nikapiga kigelegele. Kweli, nilipiga. Nikamwambia Leif, "Big! Very big! Ziwa lenu lina baraka."

Leif aliweka kisu chini. "Unafurahia nini?"

"Wakubwa."

"Na wadogo umewaona?"

"Wadogo wa nini? Wakubwa si hawa?"

Alinitazama kama Bi Mwanatumu alivyokuwa akinitazama na mwiko mkononi. "Mwanasha, ukienda kanisani ukakuta vikongwe watupu, na mwaka ujao vikongwe wale wale, utasema kanisa limestawi?"

"Mimi sina kanisa."

"Msikitini basi! Hakuna mtoto anayelia, hakuna kijana mlangoni. Wazee tu, na kila mwaka wamepungua. Utapiga kelele hiyo uliyopiga?"

Baadaye, kidogo kidogo, alinieleza. Heringi wa ziwa lile huishi miaka mingi, wengine ni wa umri wa mtu mwenye watoto shuleni. Hutaga kila mwaka, lakini si kila mwaka vifaranga hupona. Hupita miaka na miaka hakuna kinachosalia, kisha unakuja mwaka mmoja wa bahati, wakapona wengi pamoja. Hao tuliokuwa tukiwapasua walikuwa watoto wa miaka michache ya bahati iliyopita zamani. Nyuma yao nafasi tupu. Kwetu bahari ilipochoka ilitoa wadogo tu. Huku ziwa likichoka linatoa wakubwa tu, na mjinga kutoka Vanga anapiga kigelegele.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Novemba ndiyo majike wanapokwenda kutaga, na Novemba hiyo hiyo ndiyo tulikuwa tukiwapokea, kwa sababu Gordon hakutaka samaki. Alitaka mayai. Yalitiwa chumvi, yakapelekwa ng'ambo, watu wakayapaka kwenye mkate wakisherehekea. Na nyama? Nyama tamu, nyeupe, ikawa chambo na chakula cha paka. Mama Espérance aliomba siku moja abebe vichwa na mifupa akawapikie wanawe supu. Gordon akasema haiwezekani, kampuni ya paka imeshaagiza.

"Mama Mwanasha," akaniambia akifuta pua kwa mkono wa juu, "katika hii inchi paka iko na oda. Miye sina."

Leif akacheka mpaka akakohoa. Akatuambia wakati wa babu yake ilikuwa kinyume: walitia nyama chumvi kwenye mapipa, na mayai wakawamwagia ndege. Yaani babu walikula nyama wakatupa mayai, wajukuu wanakula mayai wanatupa nyama. Katikati yao ziwa liliwafilisikia mara moja na bado hawakuona haya. Hawa ndio watu wanaonifundisha mimi kutenganisha taka za plastiki na za karatasi.

Lakini kazi ni kazi, na niliijua. Kisu cha heringi kiwe kifupi. Anzia kwenye tundu la nyuma, makali yatazame juu, ncha isizame zaidi ya unene wa kucha, kwa sababu mayai yamelala hapo hapo, vifuko viwili ndani ya utando mwembamba kama ngozi ya vitunguu. Ukichoma utando, yamekwisha, yanamwagika kama uji. Ukishafungua, acha kisu. Kidole gumba kiingie kando ya uti wa mgongo, kisukume taratibu kuelekea kichwani, vifuko vitoke vyote viwili vimeshikana. Wanaotumia nguvu huharibu. Kulikuwa na kijana mmoja, Tyler, ana misuli kama mcheza mieleka; meza yake ilikuwa uji mtupu. Gordon alimhamisha kwenye lori, akafurahi, tukafurahi.

Basi hayo ndiyo mjukuu wangu aliyokuja kuyataka.

Swaleh ni mtoto wa Zuhura. Alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la Shakopee, kule mnakokwenda wengi wenu kwa basi mkirudi hamjijui. Alasiri moja ya vuli aliingia kwangu na rafiki yake Kevo, Mkikuyu wa Brooklyn Center, mwenye maneno mengi, mama yake ni muumini mkubwa wa kanisa na yeye ni muumini wa biashara.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Ah, Bibi! Lazima tutake kitu?"

"Mmekuja na mahamri. Hamjawahi kuja na mahamri."

Kevo, anayeniita shosho, yaani bibi kwa Kikuyu, akaketi bila kuambiwa. "Shosho, wacha nikuambie straight. Tuko na dili. Mayai ya heringi. Watu wa mahoteli makubwa downtown wanayataka vibaya, na Wakorea, na Warusi. Kitu fresh, imetolewa na mkono, utando haujapasuka. Hiyo mkono ni nani anayo hapa Minnesota? Ni wewe."

"Mkono wangu umestaafu."

"Tufunze tu, Bibi," akasema Swaleh. "Mara moja. Sisi tutapasua, wewe utakaa kwenye kiti."

"Na samaki?"

Wakatazamana. Kumbe walishampigia Karin. Karin ni binti yake Leif. Leif mwenyewe alishafariki, na huyu binti, mtu mzima sasa, alirudi ziwani akanunua mashua na leseni, akavua pale alipovua babu yake. Tangu baba yake afe hategi Novemba. Anatega kiangazi kidogo, anauza samaki wa kula, basi. Wanunuzi wa mayai wamemfuata, amewafukuza.

"Alitukatalia," akasema Swaleh. "Lakini injini ya mashua yake imekufa, Bibi. Tukampigia tena. Nikamwambia mimi ni mjukuu wako. Halafu akasema, kama Mwanasha anaona ni sawa, na mkono wake utakuwepo, atatega msimu mzima."

Chai ikanipalia. Unajua mtu anapokutwika mzigo wake bila kukuuliza? Hivyo.

"Na ghalani wamekupa ruhusa?" nikamuuliza.

Kevo akaanza kutazama dari kama kwamba kuna mpira unachezwa huko.

"Nimeacha, Bibi."

"Umeacha nini?"

"Kazi. Juzi."

"Mamako anajua?"

Akajishughulisha na mahamri. Basi hapo mmeona wenyewe. Mtoto ameshakata tawi alilokalia, na kamba ya kumshika wamenipa mimi. Nikisema ndiyo, ziwa linavuliwa mama zake wa mwisho kwa jina langu. Nikisema hapana, mjukuu wangu hana kazi na Karin hana injini. Nikawaambia, "Nipelekeni kwa Karin." Walidhani nimekubali. Kevo alinibusu mkono, mnafiki yule.

Kevo ndiye aliye-drive. Njia nzima walikuwa wakigombania jina la kampuni. Swaleh alitaka "Pwani Gold". Kevo alitaka "Shosho's", na sura yangu kwenye kopo. Nikamwambia akiweka sura yangu kwenye kopo nitamtoa mayai yeye mwenyewe. Walicheka. Wakaniuliza nitakaa upande gani wa meza. Niliangalia misonobari nje, nikawaacha wacheke.

Karin alitupokea kwenye gati yake, upepo wa ziwa unakata masikio. Ana uso wa baba yake, Mungu amrehemu, na hasira zake. Asubuhi hiyo alikuwa ametega wavu mmoja tu kwa mashua ya kuazima, ajionee hali ilivyo. Kreti zilikuwa zimepangwa ndani ya banda, zimejaa.

"Shosho! Cheki saizi!" Kevo alishatoa simu. Swaleh alimnyanyua jike mmoja kwa mikono miwili, mtoto wa watu anang'aa kwa furaha, kama mimi siku ile ya kigelegele. "Bibi, kama hawa watajaa mashua kila siku..."

Niliinama kwenye kreti, goti likalia, nikaanza kuwageuza. Niliwatoa wa juu, nikawatoa wa kati, nikafika chini kabisa kwenye barafu. Wote wale wale. Vichwa vipana, migongo minene. Nikafungua ya pili. Wazee. Ya tatu, wazee. Nikamtazama Karin.

"Macho ya wavu wako, hayo matundu, ni ya kiasi gani?"

"Nilichanganya. Kipande kina macho madogo makusudi, nione."

"Na wadogo?"

Akatikisa kichwa. "Wachache mno. Kile kipande kilitoka kitupu."

Nikawaambia wale wawili kwa Kiswahili chenye makali yake, "Mnaona? Hii si neema. Hii ni nyumba kama yangu ya Cedar, ghorofa zote vikongwe, lifti imejaa fimbo. Nyinyi mnataka kuingia na kuwatoa wanaobaki, tena siku wanayokwenda kujifungua."

Kevo alikuwa na jibu tayari, kwa sababu jibu hilo kila mtu analo. "Sawa, Shosho. But sisi tukiacha, si wengine watachukua? Kuna boti kibao hapa. Samaki hatapona, ni sisi tu tutakosa."

Nimelisikia neno hilo Vanga kwa wenye juya. Nimelisikia kwa Gordon. Halina nchi, halina dini, mnaambukizana tu kama mafua. Nikamwambia, "Wengine watachukua, ndiyo. Na hao wengine nao wanakutaja wewe wakichukua. Wanasema, tukiacha, Kevo atachukua. Hebu nenda ukawaambie Kevo hachukui, tuone watamsingizia nani."

"Bibi, mimi nimeacha kazi!" Swaleh alipaza sauti. Alikuwa karibu kulia, na mimi pia nilikuwa karibu, lakini sikumwonyesha.

"Nimekusikia tangu juzi. Nilikutuma?"

Karin hakuelewa Kiswahili lakini alielewa sura zetu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanasha. Ni sawa au si sawa?"

"Si sawa."

Alipiga kreti teke. "Rahisi kwako! Wewe una pensheni. Mimi nina injini iliyokufa!"

"Pensheni ninayo, na goti bovu. Ungetaka kuambiwa ndiyo, ungewauliza wale uliowafukuza."

Akatugeuzia mgongo, akatoka mpaka gatini. Aliporudi alikuwa anafuta macho na kutukana kwa lugha ya babu zake. Nadhani alikuwa akimtukana babake kwa kutufunza haya. Kisha akaanza kukunja nyavu, akazitundika juu kwenye boriti, moja baada ya moja, na Swaleh akiutazama kila wavu unaopanda kama mtu anayetazama basi lake likiondoka.

Nikamwita. "Njoo. Leta kisu."

"Cha nini sasa?"

"Hawa wameshakufa, hatuwarudishi. Ulitaka kujifunza, au ulitaka kufanya kelele?"

Akasimama nami mezani. Nikamwonyesha mara moja: makali juu, ncha isizame, acha kisu, kidole gumba kando ya uti. Nikampa jike. Na mtoto yule, wallahi, alitoa vifuko viwili vimeshikana bila hata tone. Mara ya kwanza! Mimi ilinichukua msimu mzima na matusi ya Leif. Alivishika kiganjani, vya rangi ya chungwa, vizito, vinatetemeka kidogo kwa baridi ya mikono yake. Kevo alisahau kupiga picha.

"Humu wako wangapi, Bibi?"

"Wengi kuliko watu wa mtaa wenu. Na labda hakuna hata mmoja angepona. Au labda huu ndio ungekuwa mwaka wa bahati. Sasa umejua kuwatoa. Usiwatoe tena."

Tuliwapasua wote. Karin alikuwa na karai la chuma, nikakaanga nyama, nikakaanga mayai kwa kitunguu na pilipili, na vichwa tukafanya supu kama alivyotaka Mama Espérance. Paka hakupewa kitu. Waliobaki Karin aliwagawia majirani. Kuhusu injini, Karin aliazima mashua ile ile kiangazi kilichofuata, na mpaka leo anaazima, na kila akinipigia ananikumbusha.

Swaleh alirudi Shakopee kuomba kazi. Walimrudisha, lakini wakamweka kwenye milango ya malori, pale baridi inapoingilia. Zuhura alipojua hakumgombeza yeye, alinigombeza mimi. "Mama, mtoto alikuwa ajiajiri!" Hatukusemezana mpaka Idi. Swaleh mwenyewe alikaa bila kuja kwangu majuma mengi, kisha siku moja akaja mikono mitupu, hakuna mahamri, akaketi, akauliza kama kuna samaki wa kukaanga. Nikajua tumeelewana, ingawa hakusema samahani na mimi sikumwomba.

Kevo ndiye hajapona. Bado ananitumia picha za mikate ya watu, mayai ya chungwa juu yake na jani la kijani, na kuandika, "Shosho, ona tulichopoteza." Kuandika kwa kidole kwanichosha, kwa hivyo namjibu kwa sauti, na nyinyi nawajibu vivyo hivyo: mkishikwa na hamu ya mayai, nendeni dukani. Kuku hutaga kila siku.